Baba Anataka Nimdanganye Mama Kabla Hajafa

Mpendwa Mama Luciana,

Shikamoo. Nasoma majibu yako gazetini, na leo mimi pia naomba msaada wako, na tafadhali usiiweke barua hii chini ya nyingine, maana mama yangu anaumwa na sijui kama atafika Jumapili, na jambo ninalokuuliza likishapita limepita. Mimi naitwa Zita, ni mama wa watoto, nimeolewa Laela, lakini tangu mvua zianze nipo huku kijijini kwa wazazi wangu namuuguza mama yangu Marsiana, ambaye moyo wake umechoka na miguu imevimba, na hospitalini walimlaza kwa muda halafu wakatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe chochote atakachotaka kula.

Baba yangu ni Mwalimu Zenon, katekista wa kigango chetu. Amefundisha dini tangu enzi za mapadre wazungu, amezika nusu ya watu waliolala makaburini kwetu, na kwa kuwa padre hufika huku mara moja kwa mwezi barabara ikiwa nzuri, siku nyingine zote padre wetu ni yeye. Sisemi haya kwa kumsifu. Nasema ili ujue mtu anayeniomba niseme uongo ni mtu wa namna gani, maana katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia baba akidanganya, hata ule uongo mdogo wa kumwambia mgeni kwamba tumeshakula.

Nilipokuwa na umri wa kama miaka sita mama alijifungua mtoto wa kiume, na baada yake hakuzaa tena. Mama alitaka mtoto abatizwe mapema. Baba akasema wasubiri, kwa sababu kanisa jipya la matofali lilikuwa karibu kuezekwa na padre mkuu wa misheni alikuwa aje kulibariki, na baba alitaka mwanawe awe wa kwanza kubatizwa ndani yake mbele ya watu wote. Mama akamwambia, "Mtoto huyu ananyonya kwa shida, Mwalimu. Mbatize tu." Baba akamjibu kwamba zimebaki siku chache. Hata jina hakumpa, maana alisema jina huja na maji.

Asubuhi moja mtoto akashikwa na homa. Mama akanituma kanisani, baba alikuwa anafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, nikakimbia nikamwambia, "Mama anasema njoo, mtoto hanyonyi tena." Baba akasema, "Mwambie nakuja, namalizia somo." Nikarudi nikamwambia mama hivyo hivyo. Baba alipofika mtoto alikuwa amekwisha kufa mapajani mwa mama, na bibi yangu Adela, mama yake baba, alikuwa amekaa pembeni ameshika nyayo za mtoto, anazipasha joto kama vile bado ingesaidia.

Wakati ule tulifundishwa kwamba mtoto aliyekufa bila ubatizo hamwoni Mungu. Motoni haendi kwa kuwa hajatenda dhambi, lakini dhambi ya asili haijaoshwa, kwa hiyo anawekwa mahali pa peke yake, bila mateso, bila Mungu, na bila wazazi wake, milele. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa anafundisha hivyo. Basi mtoto hakuzikwa katika makaburi ya Wakristo. Bibi Adela na wanawake wengine walimchimbia nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba la ulezi, na baba akasimama mlangoni na kitabu chake cha sala kimefungwa. Nakumbuka mama alikuwa anamtazama, anangoja akifungue, mpaka udongo ukaisha kurudishwa.

Lakini kilichomvunja mama hasa kilikuja miaka mingi baadaye, mimi nikiwa msichana. Jumapili moja baba alikuwa anafundisha ubatizo wa hatari, akasema mtu akiwa anakufa na padre hayupo, yeyote yule anaweza kumbatiza, hata mwanamke, hata asiye Mkristo, mradi amwage maji na kusema maneno yake kwa nia ya Kanisa. Mama akasimama upande wa wanawake. Akauliza, "Hata mama wa mtoto?" Baba akasema, "Hata mama." Mama akatoka nje. Nilimkuta amekaa juu ya tuta la maharage, akaniambia, "Maji yalikuwemo mtungini, Zita. Pale pale mlangoni. Kumbe ningeweza, na hakuniambia." Hakulitaja tena, ila kila Jumamosi alikwenda kufagia kaburi lile, na hata tulipohamishwa wakati wa Operesheni na kuletwa kwenye kijiji hiki cha ujamaa, na nyumba zetu za zamani zikabomolewa, mama aliendelea kutembea mpaka kule mahameni kufagia, mpaka mwaka huu miguu ilipokataa. Sasa mahame yale yameingizwa katika shamba la kijiji, trekta limeletwa, na wanalima kuelekea huko.

Padre alikuja kumpaka mama mafuta ya wagonjwa. Mama akageukia ukutani, akasema, "Nakushukuru kwa safari yako, Padre, lakini usinipake." Padre akadhani homa imempanda kichwani, akaondoka akisema tumwite akitulia. Nikamuuliza mama kwa nini. Akanijibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, akasema, "Nikiungama na nikipakwa mafuta nitakwenda mbinguni. Ndivyo baba yako alivyonifundisha, na mimi naamini. Na mtoto hayupo huko. Amekaa peke yake tangu siku ile. Nani atambeba?" Nikamwambia, "Mama, ukikataa sakramenti kwa makusudi huendi kwa mtoto, utakwenda motoni." Akasema, "Basi Mungu ataona pa kuniweka. Lakini kumwacha tena kwa hiari yangu, hapana."

Baba alikuwa nje ya dirisha, akayasikia yote. Kesho yake akaniita nyuma ya ghala la mahindi. Akasema, "Bibi yako alifia kwako." Nikasema ndiyo, maana Bibi Adela alifia nyumbani kwangu Laela mwaka juzi. Akasema, "Maneno yake ya mwisho uliyasikia peke yako." Nikamwambia hakuwa na maneno, alilalamika baridi tu. Baba akasema, "Mwambie mama yako kwamba bibi alikufunulia kuwa siku ile alimmwagia mtoto maji na kusema maneno ya ubatizo. Nikimwambia mimi hataniamini. Wewe atakuamini." Nikamuuliza, "Baba, ni kweli?" Alitazama chini, akasema, "Nimezika wezi nikiwa na kitabu mkononi. Nimezika walevi. Mama yako nimzikeje?" Akaingia ndani.

Mume wangu Ignasi alipokuja kutuona nikamweleza, akasema niseme tu, neno moja linamdhuru nani, na baadaye nitaungama litasamehewa.

Basi juzi nilikuwa namkanda mama miguu, nikaanza. Nikasema, "Mama, kuna jambo bibi aliniambia kabla hajafa." Mama akafumbua macho, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kwamba bado anazo, akauliza, "Kuhusu mtoto?" Nikasema ndiyo, na hapo tayari nilikuwa nimekwisha kudanganya. Akauliza, "Alisema nini?" Nikamwambia apumzike kwanza, nitamweleza. Tangu hapo kila asubuhi akiamka neno lake la kwanza ni, "Zita, bibi yako alisema nini?", na baba anakuwa amesimama nje anasikiliza nitakavyojibu, na mimi nasema mboga inaungua, nasema kuku wameingia shambani, natoka.

Mama Luciana, nikisema, mama atapokea mafuta na kufa ametulia kwa ajili ya uongo wangu, na akifika huko asipomkuta mtoto atajua kwamba aliyemdanganya ni mwanawe. Nisiposema, atakufa amekataa sakramenti, atazikwa bila sala, na baba naona atamfuata upesi. Je, niseme? Na nikisema, dhambi ya kumdanganya mtu anayekufa, tena juu ya ubatizo, inasameheka? Barua hii nampa dereva wa lori la Bwana Saad, yule mfanyabiashara wa mjini anayekuja huku kununua mahindi. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako na kungoja jibu.

Ni mimi, Zita, ambaye leo asubuhi pia nimetoka nje kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

*

Zita,

Dereva wako amekaa kwenye benchi hapo nje anakunywa chai, na mimi naandika haraka. Jibu lako ni hili. Usiseme.

Nakupa pole, tena pole sana. Kumuuguza mama ni kazi, na wewe umetwishwa na nyingine ambayo haikuwa yako. Lakini pole yangu isikufanye usisikie ninachokuambia. Mama yako ameishi maisha yake yote na jambo alilofichwa. Alikuwa na haki ya kulijua, na hakuambiwa. Sasa mnataka kumsindikiza na kitu kingine cha kufichwa, eti kwa kumpenda. Na mumeo mwambie hivi kutoka kwangu. Anayepanga kuungama dhambi kabla hajaitenda hajatubu, amejitafutia ruhusa. Dhambi yako ingesameheka, ndiyo, hakuna isiyosameheka kwa anayetubu. Lakini usiulize kama dhambi inasameheka ili upate kuitenda.

Tena ulimtisha mama yako kwa moto. Mgonjwa aliyelala chali, miguu imevimba, moyo hauna nguvu, binti yake anamwambia habari za moto. Usirudie.

Mama yako hakumkataa Mungu, Zita. Soma tena maneno yake uliyoniandikia wewe mwenyewe. Anaamini mbingu, anaamini mafuta, anaamini maungamo, kuliko wengi wanaopanga mstari kanisani. Anachokataa ni kumwacha mtoto. Mtu wa namna hiyo habembelezwi kwa hadithi ya uongo. Anaambiwa ukweli, na ukweli upo.

Nimekwenda chumba cha pili kumuuliza padre mlezi wa gazeti letu, na ameniruhusu niandike hivi. Yale mafundisho ya mahali pa peke yake pa watoto wasiobatizwa yalifundishwa muda mrefu na watu wenye elimu na nia njema, lakini Kanisa halikuyafanya kamwe kuwa imani ambayo ni lazima tuishike. Kanisa linasema ubatizo ndiyo njia tuliyopewa, na kwa hiyo tusiichezee wala kuichelewesha. Halisemi kwamba Mungu mwenyewe amefungwa kamba na njia hiyo. Na katika kitabu kipya cha mazishi zimewekwa sala za kumwombea mtoto ambaye wazazi wake walitaka abatizwe akafa kabla. Mama yako alitaka. Aliomba kwa kinywa chake, na akamtuma mtoto mbio. Kama pasingekuwa na la kutumainia, sala hizo zingeandikwa za nini?

Sikuambii kwamba nina hakika mtoto yuko mbinguni. Nikikuambia hivyo nitakuwa nafanya kile kile ninachokukataza. Nakuambia kuna tumaini, na mtu anaweza kufa ameshika tumaini bila kudanganywa na yeyote. Na mwambie mama hili pia, kwa upole. Aliyemuumba mtoto yule hakumweka chini siku ile akaondoka, eti mpaka mama aje ambebe. Yeye anawapenda watoto kuliko mama yako, ingawa najua ni vigumu kwa mama yeyote kuamini hivyo.

Sasa nageukia upande wa pili, maana najua barua hii utamsomea baba.

Shikamoo, Mwalimu Zenon. Wewe ni mkubwa kwangu na umelitumikia Kanisa kabla mimi sijajua kushika rozari, kwa hiyo nitasema mara moja tu. Kwamba hukufungua kitabu kaburini, sikulaumu. Ulifuata ulivyofundishwa. Lakini kungoja kanisa liezekwe hakukuwa mafundisho ya mtu. Hata wakati ule Kanisa lilisema mtoto abatizwe mapema, na wewe ulijua, maana ulikuwa ukiwafundisha wenzako. Kule kungoja kulikuwa kwako. Na mkeo kukaa nyumba moja na katekista bila kujua kwamba mkono wake mwenyewe ungeweza kubatiza, hilo pia ni lako. Mama Marsiana hangoji habari za marehemu bibi. Anakungoja wewe. Sasa unamtuma binti yenu akaseme maneno mengi ya uongo ili wewe usiseme machache ya kweli. Huo si utume wa katekista, Mwalimu. Mwache Zita. Ingia mwenyewe.

Fanyeni hivi, na msingoje kesho. Wewe Zita, kabla hujapika leo, mwambie mama kwamba bibi hakusema kitu na kwamba ulitaka kumdanganya. Atakasirika, na akasirike. Baba aingie kwa mkewe bila kitabu, akae, aseme alichofanya, asitie ndani yake neno la "mapenzi ya Mungu", na asidai kujibiwa. Kisha aende kwa mwenyekiti wa kijiji akamwonyeshe kaburi lilipo kabla trekta halijafika, na aende kwa miguu yake mwenyewe, asitume mtu. Mwenyekiti naye ana mama. Mpelekeeni padre habari mumwombe aje asali pale. Asipoweza kufika, Mwalimu anaweza kuongoza sala yeye mwenyewe. Nimezinakili sala zenyewe kwenye karatasi ya pili, zimo ndani ya bahasha. Na habari ya mafuta ya wagonjwa mwacheni mama. Mtu yeyote asimtajie. Akitaka ataomba, mdomo anao.

Dereva amemaliza chai. Nenda.

Luciana

*

Zita ameniandikia tena, na ameniruhusu kuchapa barua zote kwa kuwa wako wengine wenye makaburi kama lile nyuma ya nyumba. Nimelifuta jina la kijiji chao tu. Mengine yote ni yake.

*

Mama Luciana, shikamoo.

Jibu lako lilifika jua likiwa bado liko juu. Nikamsomea baba uani. Nilipofika penye jina lake akaniambia nirudie, nikarudia, halafu akasema, "Huyu mama hana adabu," akachukua fimbo yake akaenda kanisani, na wakati wa chakula hakurudi.

Mimi nikaingia kwa mama. Nikamwambia, "Mama, bibi hakusema kitu chochote. Nilitaka kukudanganya ili umkubali padre." Alinitazama. Akasema, "Nilijua. Bibi yako angekuwa na neno kama hilo lisingefika hata jioni, angekwisha kulitangaza." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikaogopa nikamwinua. Alipotulia akasema, "Nilikuwa nakuuliza kila asubuhi nione kama utathubutu." Nikamwomba msamaha, akasema nimgeuze upande wa pili, mbavu zinamuuma. Nikamweleza habari ya sala mpya na yale uliyoandika kuhusu tumaini. Alisikiliza, akaniuliza kama padre mwenyewe ndiye aliyesema au ni wewe. Nikamwambia ni padre.

Baba aliingia asubuhi yake. Mikononi hakuwa na kitu. Hakukalia kigoda, alikaa chini kwenye mkeka, nikataka kutoka na mama akasema, "Kaa, Zita." Baba akasema, "Mama Zita, mtoto alikufa mimi nikingoja kusifiwa. Zita alikuja kuniita nikamaliza somo kwanza, maana wale watu walikuwa wananitazama. Na ulipokuwa unalia kwamba hapakuwa na wa kumbatiza, niliona haya kukuambia kwamba wewe mwenyewe ungeweza. Nikanyamaza. Nikanyamaza mpaka nikasahau kwamba nanyamaza."

Mama akasema, "Hayo yote nilikuwa nayajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani yalikuwa ya kuambiwa na mimi?"

Baba akalia. Sikuwahi kumwona hivyo. Mama alimtazama akilia, hakumzuia wala hakumgusa.

Siku hiyo hiyo baba akaenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimwambia shamba la kijiji halina makaburi, kwenye ramani hakuna kitu, na kama kila mtu ataanza kukumbuka kaburi watalima wapi. Baba akamwambia, "Twende nikuonyeshe, ukiona hakuna kitu, lima." Wakaenda. Mwenyekiti akaona mawe yamepangwa na mahali pamefagiwa, ingawa nyasi zilikuwa zimeanza kurudi. Hakusema ndiyo wala hapana. Lakini alimwita dereva wa trekta, kijana anayeitwa Uledi, akanong'ona naye pembeni, na Uledi akaja nyumbani kwetu akiwa na trekta lenyewe na tela nyuma. Akamwamkia mama shikamoo, akasema, "Mama, nimeambiwa nikupeleke." Yeye ni Mwislamu, mwenyeji wa Kipili, hakuna aliyemweleza mambo yetu, na kila penye shimo alisimamisha trekta akageuka kumtazama mama kwanza ndipo akavuka.

Padre hakuweza kufika, mvua ilikuwa imeondoa daraja. Baba akasali kwenye karatasi yako. Mama tulimketisha juu ya godoro ndani ya tela, tukaliegesha karibu na mawe. Upepo ulikuwa mkali, baba alishika karatasi kwa mikono miwili. Alikwenda vizuri mpaka pale ulipoandika "taja jina la mtoto". Hapo akasimama. Akamtazama mama.

Mama akasema, "Marselino."

Mimi sikuwahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu, wala baba. Mama akasema, "Endelea, Mwalimu. Nimemwita hivyo siku zote nikiwa nafagia." Baba akalisoma jina, sauti ikamkatika, akarudi nyuma akalisoma tena vizuri, akaendelea mpaka mwisho.

Habari ya mafuta hatukuitaja, kama ulivyosema, ingawa ilikuwa shida, maana mama alizidi kuisha na baba alikuwa anazunguka ua kama mtu aliyepoteza kitu. Padre alipopata njia akaja kwa miguu, suruali imejaa matope hadi magotini, akasimama nje akauliza kama aingie au arudi. Nikaenda kumuuliza mama. Akasema, "Aingie, ila anawe kwanza." Aliungama muda mrefu. Baba alikuwa amesimama chini ya upenu, ameufunika uso kwa kofia. Padre alipotuita, mama alikuwa amekwisha kupakwa mafuta kwenye paji la uso na mikononi, na alikuwa ametulia, akaniambia nimtafutie padre maji ya moto aoshe miguu.

Alikufa siku ya Ijumaa, mchana, watu wakiwa mashambani. Baba alikuwa anataka tumzike kule mahameni, lakini mama mwenyewe alikuwa ametuambia tumzike wanapozikwa watu, tusihangaike na njia kwenye mvua. Tukamzika kwenye makaburi ya kijiji. Baba ndiye aliyesalisha. Upande ule wa mahame wamelima, na mahali palipo na mawe Uledi amepazunguka, ameacha majani kama kisiwa kidogo. Mwenyekiti akipita anajifanya haoni.

Jambo moja limebaki. Baba ameniuliza mara nyingi, "Mama yako alinisamehe?" Na mimi sijui nimjibu nini, kwa sababu mama hakulisema neno hilo. Alizungumza na baba habari za mbegu, habari za paa linalovuja, habari za nani apewe kanga zake, lakini hilo hakulisema, na sitaki tena kumwekea mtu maneno kinywani. Nilichoona ni kwamba siku moja kabla hajafa nilimletea uji wa ulezi akafunga mdomo, akasema baba ndiye amnyweshe. Baba hajawahi kumlisha mtu. Kijiko alikijaza mno, uji ukawa unamwagikia shingoni mwa mama, na mama anajipangusa kwa mkono wake mwenyewe na kungoja kijiko kingine. Basi nimemwambia baba kwamba sijui. Nimemwambia pia kwamba uji ule ulikuwa umepoa na ulikuwa na mabonge, na mama aliumaliza.

Zita